Maneno Yanayoanza na C na O

Jumatatu, 3 Juni
Nimeanza Kiingereza upya. Safari hii kwa mpango. Nakariri maneno yanayoanza na C na O tu. Ni mazito. Ukiyatamka, mtu anakaa vizuri kwenye kiti. Leo nimeshika sita huku nikihesabu marobota ya vitambaa stooni. "Commend", kusifu. "Condemn", kulaani. "Console", kuliwaza. "Consume", kula ukamaliza. Mawili yamenitoka nikinawa mikono.

Lengo ni kumzima Kamusi. Huyu ni mpiga chapa mwenye kibanda mkabala na kiwanda chetu cha kushona sare. Washonaji ndio waliompa jina hilo, kwa vile anajua maneno. Mimi, mtunza stoo wa miaka tisa, wananiita Vifungo.

Jumanne, 4 Juni
Bahati imebisha hodi! Mdogo wake mke wangu, tunayekaa naye, anaomba kazi ya kulea watoto shule ya chekechea. Kalea wanetu wote watatu, na wa majirani pia. Mwalimu mkuu anataka barua ya kumtambulisha, kwa Kiingereza. Shemeji alitaka kwenda kwa Kamusi. Nilijisikia kama nimetukanwa sebuleni kwangu. Nikamwambia hiyo kazi aniachie.

Mke wangu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara ya pili nilijifanya nakohoa.

Jumatano, 5 Juni
Barua tayari. Niliiandika stooni kwa mkono. Daftari la maneno nililisahau nyumbani, lakini kichwa kipo. Nikampelekea Kamusi aichape. Alisoma, akauliza kwa upole kama angeweza kuangalia maneno mawili hivi. Wivu! Nikamwambia achape kama ilivyo, herufi kwa herufi.

Akachapa. Shemeji kaipokea kwa mikono miwili. Kanishukuru mpaka nikaona haya kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Sijui niandike nini.

Shemeji amerudi saa tano asubuhi. Mwalimu mkuu aliisoma barua mbele ya walimu wawili, kisha akamfasiria. Kumbe niliandika kwamba namlaani kwa moyo wote. Na kwamba mtoto akilia, yeye humla akammaliza.

Mwalimu mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Mwingine alimuuliza kama mwandishi wa barua ana ugomvi naye.

Nilitegemea anipigie kelele. Hakupiga. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya kuazima mkononi, akasema, "Shemeji, si ulisema unakijua?"

Chakula cha mchana kaniwekea mezani kama kawaida, na maji ya kunawa. Nilinawa, nikaisogeza sahani pembeni.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu ya jana ilikuwa utangulizi.

Mke wangu kanipeleka shuleni mwenyewe, shemeji nyuma yetu. Nilipanga kuomba radhi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti usawa wa kidevu, mwalimu mkuu akinitazama. Mdomo ukajisemea. Nikasema makosa ni ya mpiga chapa.

Mwalimu mkuu akamwita Kamusi. Alikuja na karatasi yangu ya mkono, aliyokuwa ameitunza kwenye jalada. Mwandiko wangu. Sahihi yangu, yenye mkia. Aliiweka mezani na kuigeuza kunielekea, nisome vizuri.

Mke wangu aliangalia dirishani. Shemeji ndiye aliyeniombea msamaha. Alimwambia mwalimu, "Huyu ni kaka kwangu. Hakukusudia. Tatizo lake ni kwamba hawezi kusema sijui."

Kamusi aliandika barua nyingine palepale, mistari minne. Angenicheka ningepumua. Hakunicheka.

Jumatatu, 10 Juni
Shemeji kaanza kazi, majaribio ya mwezi mmoja. Mke wangu anasema watoto wawili tayari wanagombania kushika mkono wake. Nimefurahi. Nimemwambia hivyo, nikitazama chini. Akasema yameisha.

Hayajaisha. Kila nikipita kwenye kile kibanda naangalia ukuta wa upande wa pili.

Jumatano, 12 Juni
Nimetafakari sana, nikaupata ukweli. Kosa lilikuwa kwenye herufi. C na O zinachanganya watu. Nimehamia D, I na S. Zimetulia.

Tena kwa wakati mwafaka. Wiki ijayo mgeni rasmi anafungua ukumbi mpya wa vyerehani. Meneja kauliza nani ataandika hotuba ya kumkaribisha, kwa Kiingereza. Kabla watu hawajafikiria, mkono wangu ulikuwa juu.

Mstari wa kwanza unahitaji neno moja tu la sifa. Ninayo mawili. "Distinguished", mheshimiwa wa kupigiwa mfano. "Disgusting", mtu wa kutia kichefuchefu. Sina haja ya kuyaandika pembeni, yamekaa kichwani. Meneja kaomba aione hotuba mapema. Nimemwambia asijisumbue, ataisoma palepale jukwaani.