Gari la L Laenda kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimepata mteja. Naandika tena kwa sababu mume wangu Nestory hakusikia vizuri: nimepata mteja.

Tangu nirudi na cheti cha semina ya Mwanza, sebule yetu hapa mtaani Cheyo ni ofisi. Makochi nimeyatoa, nimeweka meza na kibao: KOLETA, KOCHA WA KAZI NA MAISHA. Nestory anakula kitandani na mpira anautazama kwa jirani. Amesema asipokuja mtu wiki hii, makochi yanarudi. Hakufoka. Nestory hafoki, ndiyo maana naogopa.

Mteja ni Lugembe. Ana shule ya udereva: gari moja lenye kibao cha L, na mwalimu ni yeye mwenyewe. Anatoka watoto hawajaamka, anarudi wamelala. Jana mkewe Kabula alimkaribisha sebuleni, akamwuliza ni mgeni kutoka wapi.

Nikamwuliza wanafunzi wake anawapeleka wapi. Akasema popote, wanazunguka tu. Sasa wazunguke bure kwa nini? Wazungukie shughuli za nyumbani. Mashine ya kusaga, sokoni, kuchukua watoto shule. Kazi na familia katika gari moja.

Lugembe alinitazama muda mrefu. Nadhani ilikuwa heshima.

Jumanne, 13 Mei

Inafanya kazi. Mwanafunzi wa leo ni Mitali, mjukuu wa Bachubai, bibi mwenye duka la vitambaa mtaa wa Gongoni. Dereva wao ameacha kazi, kwa hiyo binti anataka leseni apeleke mzigo mwenyewe kwenye minada ya Nzega na Igunga. Mtihani ni Ijumaa. Leo amejifunza kurudi nyuma mpaka mlango wa mashine ya kusaga, na kufunga breki bila kumwaga unga. Watoto wa Lugembe wamerudishwa nyumbani na baba yao mzazi. Kabula amenitumia kuku. Nimemweka ofisini, chini ya meza.

Huyu Bachubai ananisumbua. Anakaa kwenye kiti mlangoni mwa duka lake, anashauri watu bure. Ukinunua kitenge unapewa na ushauri wa ndoa. Cheti hana. Nilipita nikamwamkia. Akaitika marahaba, kisha akaniuliza mjukuu wake anafundishwa udereva au ameajiriwa na Kabula. Nikamweleza kuwa hii ni mbinu ya kisasa. Akasema, "Ahaa."

Sijaipenda ile ahaa.

Jumatano, 14 Mei

Nimepanua mpango. Mama yake Kabula yuko Nzega, hajamwona mkwewe tangu Pasaka ya mwaka juzi. Nikasema hilo ni somo la barabara kuu, twende wote. Mitali kwenye usukani, Lugembe pembeni yake, mimi na Kabula nyuma. Mimi nilikuwa wa kupiga picha za matangazo.

Kwenda tulikwenda vizuri. Kurudi, mama mkwe akatupa gunia la viazi vitamu na mbuzi. Mkwe hawezi kukataa mbuzi. Mbuzi akakaa katikati yetu, kidevu begani kwa Mitali. Kila gia ikibadilishwa, mbuzi analia. Mitali akazoea kungoja amalize ndipo akanyage mafuta. Lugembe alicheka mpaka akatoa machozi, na Kabula akamshika bega. Nimepiga picha. Ushahidi.

Jambo dogo. Nilikuwa nimemwahidi Nestory kumsindikiza leo kwa daktari wa macho. Nikasahau. Walimtia matone, akawa haoni njia, jirani akamrudisha kwa kumshika mkono. Nimemweleza kwamba nilikuwa nawafundisha watu kuwa karibu na familia zao. Pengine alikuwa ananitazama, lakini kwa yale macho huwezi kujua.

Alhamisi, 15 Mei

Malalamiko. Zeeshan, kijana wa duka la dawa, naye ni mwanafunzi wa Lugembe, anasema somo lake zima amelimalizia uani kwa dada wa Kabula, akimsubiri Kabula asukwe nywele. Nimemwambia dereva mzuri ni mwenye subira. Anataka arudishiwe somo lake.

Kuku ametagia juu ya cheti.

Ijumaa, 16 Mei

Nilikwenda kwenye mtihani nimevaa kitambulisho cha semina. Bachubai naye alikuja. Alifunga duka mchana, jambo ambalo Gongoni hawajawahi kuliona.

Trafiki akapanda, akamwambia Mitali anyooshe barabara. Wakaondoka. Tukangoja. Tukangoja sana.

Mitali ametusimulia yaliyotokea. Alinyoosha mpaka mashine ya kusaga, akarudi nyuma hadi mlangoni. Afande akamwuliza kwa nini amesimama.

"Hapa tunasimamaga," Mitali akajibu.

Mwenye mashine akaja na unga wa Kabula, akaupakia. Afande akasema waendelee. Kila gia, Mitali anangoja. Afande akauliza anangoja nini, na binti wa watu hakujua aanzie wapi kueleza habari za mbuzi. Walipofika karibu na shule wakasimama kupisha wanafunzi. Watoto wa Lugembe wakaliona gari lao, wakafungua mlango, wakaingia. Shikamoo afande. Afande akaitika.

Alishuka na unga kwenye kofia. Mitali amefeli, arudie mwezi ujao. Alilia, na Lugembe hakutaka kunitazama. Usingizi leo hauji.

Jumamosi, 17 Mei

Bachubai ameniita dukani. Nilikwenda nimejiandaa kutukanwa. Akanimiminia chai.

"Nzega mlikwenda na mbuzi," akasema. "Mbuzi kapata nafasi. Mimi je?"

Kumbe hiyo ndiyo iliyomuuma. Tangu mumewe, Rasiklal, afariki, hajatoka nje ya mji huu. Anaogopa akiondoka duka litaanguka. Jana alilifunga, akarudi akalikuta limesimama. Sasa anataka Mitali akipata leseni, safari ya kwanza iwe naye. Mbuzi abaki.

Kisha akaniambia niende nyumbani nikamwangalie mume wangu macho. Ushauri wa bure, kama kawaida yake.

Njiani nikakutana na Lugembe. Amerudi kwenye masomo ya kawaida, na kuanzia sasa saa kumi anafunga kazi anakwenda nyumbani. Kabula amefurahi. Nikamwuliza mbinu yake ni ipi. Akasema hakuna, anakwenda tu nyumbani. Nimemwonea huruma. Kitu kama hicho huwezi kukiandika kwenye bango.

Jumapili, 18 Mei

Nestory na jirani wamerudisha makochi, maana mteja sina tena. Sikubisha. Mtu wa familia lazima ajue kukubaliana. Ofisi nimeihamishia chumbani. Nestory ameuliza atalala wapi. Nimemwuliza, makochi si yamerudi?

Mchana simu imelia. Mteja mpya. Anaitwa Anton, anafuga nyuki kwenye misitu ya Sikonge. Anakaa porini wiki nzima bila kumwona mke wala watoto. Roho inamuuma. Nimemwambia suluhisho ni rahisi sana: siku ya kurina asali awachukue wote, tena watoto wakae karibu kabisa na mizinga, wamwone baba yao akifanya kazi.

Akaniuliza, na nyuki je?

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nyuki nao wana familia, wataelewa.