Soseji Zangu Zina Homa

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Mbaya sana! Bwana Afya amekuja getini saa saba kasoro, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu ndio kwanza wanatoka kula. Nilimwona kwa mbali na ule mkoba wake mweusi. Nikamkaribisha soseji ya bure, mkate laini, haradali juu. Hakuila. Akatoa kitu chenye sindano ndefu, akaichoma tumboni. Iliyochomwa ni soseji, lakini maumivu niliyasikia mimi. Akasubiri. Akasema nyuzi thelathini na nane.

Nikamwambia asante. Akasema hajanisifu. Soseji ya kuuza inatakiwa ipite nyuzi sitini, au ikae kwenye barafu, chini ya tano. Hapo katikati ndipo vidudu vinapofanyia harusi. Hii yangu, alisema, si chakula, ni mgonjwa wa homa.

Na mvuke je? Kigari changu kinafuka mvuke kutwa nzima! Wateja wanaufuata mvuke. Sikumwambia kwamba unatoka kwenye birika linalochemka juu ya jiko la pili, nililolificha chini. Wala sikumwambia kwamba jiko la soseji huwa nalizima saa nne asubuhi, maana zikichemka sana zinapasuka, na soseji iliyopasuka nani anainunua? Birika ni ubunifu wangu mwenyewe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nimejaliwa.

Amenipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa, kibali kinafutwa na nafasi yangu ya getini anapewa Bisi. Bisi ni yule muuza bisi wa ng'ambo ya barabara, jina lake lingine hakuna anayelijua. Alivuka kuja kunipa pole. Alikuwa anatafuna. Bisi haziozi! Ziache mwezi mzima, utazikuta vilevile. Mtu wa biashara kama hiyo hajui presha ni nini.

Jioni nikamwambia mke wangu. Hakufoka. Alisema tu kwamba kaka yake bado anatafuta mtu wa kupima misumari dukani. Duka la shemeji! Wafanyakazi wake wote wanavaa koti la kijani lenye picha yake mgongoni, anatabasamu. Mimi nitembee mjini nimembeba shemeji mgongoni? Ng'o!

Jumanne, 10 Juni

Sikupata usingizi. Lakini alfajiri wazo likaja lenyewe. Bwana Afya ana kipimo, mimi sina, na hapo ndipo anaponizidi. Mama mkwe anacho.

Mama mkwe anakaa nasi tangu alipostaafu. Alifanya kazi jikoni, hospitali kuu, miaka ishirini na sita. Si mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi anajipima homa kwa kipimo cha kioo cha zamani, anachokihifadhi kwenye kopo la majani ya chai chini ya mto. Homa hana, hajawahi kuwa nayo, anapenda tu kuhakikisha. Alipoingia kuoga nikakiazima. Kuazima ni kuchukua kwa nia ya kurudisha, na nia nilikuwa nayo.

Saa tano nikakizamisha katikati ya soseji. Ile fedha ndani ya kioo ikapanda mbio mpaka arobaini na mbili, ikagota. Arobaini na mbili! Namba ya mwisho kabisa! Nikamwita mlinzi wa geti aje ashuhudie kwamba soseji zangu zimemaliza namba. Mlinzi akauliza sitini iko wapi. Nilikuwa bado naitafuta kipimo kilipolia ti, kikapasuka ndani ya sufuria.

Vioo. Na vishanga vya fedha vinakimbizana kati ya soseji. Soseji arobaini! Nilizitazama. Nakiri, nilifikiria kwamba zile za ukingoni huenda hazijaguswa. Mlinzi akasema ile ni zebaki, sumu, na kwamba hatabanduka hapo. Basi nimezitupa zote, na sufuria yake. Hata mimi nina mpaka wangu, hasa nikiwa natazamwa.

Foleni ya Bisi leo ilifika kwenye nguzo ya umeme.

Jumatano, 11 Juni

Mama mkwe anatafuta kipimo. Ameinua mto, ameinua godoro, amefungua hata kopo la sukari. Akaniuliza kwa upole, baba, hujakiona? Nikasema kipimo gani, mama. Akasema leo anahisi joto mwilini lakini hana ushahidi.

Mpango mpya. Moto umenikataa, basi nitakwenda na baridi! Soseji zikae kwenye barafu, nizipashe mteja akifika. Na barafu ya kununua ya nini, wakati muuza samaki wa sokoni anamwaga ndoo nzima kila asubuhi? Nikamsaidia kuimwaga, ndani ya boksi langu. Alinishukuru! Nikafika getini naimba.

Tatizo limejitokeza mchana. Msimamizi wa chumba cha gundi, mteja wangu wa kila siku, aliuma mara moja, akatafuna polepole, akauliza hii ni soseji ya mnyama gani. Mimi sikosi jibu. Nikamwambia ni aina mpya, soseji ya samaki. Akauliza kama mkate nao ni wa samaki. Akarudisha. Mwenzake akarudisha. Mtu anayeshinda kwenye harufu ya gundi mwaka mzima, soseji yangu ndiyo imemshinda!

Halafu wakaja paka. Mmoja, wanne, nikaacha kuhesabu kwenye tisa. Walikaa mbele ya kigari kwa adabu wakinitazama, kama wanaosubiri hotuba. Nikawafukuza kwa koleo, wakasogea hatua moja, wakakaa tena. Bisi alicheka mpaka akashika ukuta. Acheke. Foleni ni foleni.

Zimebaki siku mbili. Mchana nilisinzia kidogo kwenye kiti nikaota shemeji ananivalisha koti. Lilinikaa vizuri, hilo ndilo lililonitisha.

Alhamisi, 12 Juni

Nimelipata! Blanketi! Unachemsha nyumbani alfajiri, unafunga sufuria ndani ya blanketi zito, joto litatokea wapi? Tatizo ni moja. Blanketi la sufu nyumbani kwetu ni moja tu, na ni la mama mkwe. Nikalichukua wakati yuko uani anaanika nguo. Kipimo nilishakichukua, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyakoga.

Na limefanya kazi! Saa saba mchana soseji zilikuwa za moto, mteja wa kwanza aliungua ulimi. Nilitaka kulia kwa furaha. Sasa wakaja wengi. Kila mmoja nifungue blanketi, nitoe moja, nifunge, nifungue, nifunge, kama mtu anayevalisha mtoto mchanga, na foleni inanung'unika. Nikaongeza kasi. Sufuria ya mke wangu ikapinduka. Maji, soseji, haradali, vyote ndani ya blanketi la watu.

Nikaokota nilizoziona. Nikalianika blanketi kwenye uzio wa kiwanda mpaka saa kumi, nikalirudisha kitandani kwake, nimelikunja vizuri kuliko nilivyolikuta. Nadhani hapo ndipo nilipokosea. Mimi sikunji vitu.

Mama mkwe alichelewa kuja mezani. Alipokuja akaweka sahani mbele yangu. Juu ya sahani soseji moja, imejaa manyoya ya sufu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ukaja: aliuliza kama kipimo chake nacho kimepakwa haradali.

Nikaeleza yote. Nilieleza vibaya, nilianzia kwenye paka. Mke wangu alijifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na hilo liliniuma kuliko kama angelia. Ndipo nikasema kwamba naogopa. Sikupanga kulisema. Nilisema kigari kile ndicho kitu pekee maishani ambacho sikupewa na mtu, na kesho saa saba kinakwenda, na baada ya hapo ni misumari mpaka nife.

Mama mkwe aliiondoa ile sahani mbele yangu. Akauliza huwa natoka saa ngapi. Nikamwambia saa mbili. Akasema kesho tutatoka saa moja.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika mbio, mwandiko huu nitausoma kwa shida.

Mama mkwe alikuja na kigoda, aproni nyeupe ya hospitali na saa ya mkononi ya marehemu baba mkwe. Alikizunguka kigari mara moja. Akaliona birika, akauliza ni la nini. Nikamweleza, kwa fahari kidogo, habari za mvuke. Akasema la kuvunda halina ubani. Akaniamuru nilitoe. Nililisogeza nyuma zaidi.

Nilitegemea siri kubwa. Hakuna siri! Unachemsha kumi. Zikikaribia kuisha, unachemsha kumi nyingine. Zinazosubiri zinalala kwenye barafu safi, ndani ya mfuko uliofungwa. Moto hauzimwi. Soseji ikipitisha muda wa saa mbili kwenye sufuria haijapata mteja, unatupa. Unatupa! Nikamuuliza mama, unatupa wapi? Akanionyesha pipa. Moja niliyoitupa ilikuwa na afya kuliko mimi. Nilifumba macho.

Alisema pale hospitali alilisha watu mia nne kwa siku, na hakuna aliyerudi wodini kwa sababu ya chakula chake. Miaka yote hii tunakaa nyumba moja, sikuwahi kumuuliza alikuwa anafanyaje. Nilidhani anajua kupima homa tu.

Saa saba kasoro, mkoba mweusi. Roho mkononi! Koleo lilikuwa linagonga ukingo wa sufuria lenyewe, ti ti ti. Bisi alikuwa amevuka barabara kabisa, anapima nafasi yangu kwa hatua. Bwana Afya akafika, akamwona mama mkwe, akasimama wima kama askari. Shikamoo, mama! Kumbe alipokuwa mwanafunzi aliletwa jikoni kwake kujifunza, na siku ya kwanza tu mama alimrudisha nyumbani kwa sababu ya kucha. Leo pia akamwambia aonyeshe vidole. Akaonyesha! Mkoba ameubana kwapani!

Kisha akachoma sindano. Tukasubiri. Sabini na moja.

Sekunde hiyohiyo birika langu likapiga mbinja. Mvuke ukafumka, miwani ya Bwana Afya ikawa myeupe pe, akabaki anapapasa hewa. Mama mkwe akanyoosha mkono chini bila hata kunitazama, akazima jiko la pili. Bisi akarudi upande wake wa barabara.

Kibali kipya kimetoka! Nilimkumbatia mlinzi, nikambusu kofia. Halafu nikakisoma. Msimamizi wa chakula: jina la mama mkwe. Chini yake, kwa herufi ndogo, msaidizi: jina langu.

Bwana Afya alipoaga alisema Jumatatu atapita tena, safari hii kwa tumbo lake mwenyewe. Alisema harufu ilimtesa wiki nzima, sasa anaweza kula kwa amani.

Jumapili, 15 Juni

Nimetulia, nimetafakari. Sasa naona wazi kilichotuokoa. Ni mvuke. Sabini na moja ni namba tu, lakini ule mvuke ulimwingia mtu machoni kabisa. Mama mkwe ana mkono mzuri wa kuchemsha, sikatai. Fikra ndizo zangu. Na umri nao umekwenda, kazi hii ataichoka, kibali kitarudi kwa mwenyewe. Ingawa leo ameshona aproni mbili kutokana na lile blanketi. Yangu ndiyo yenye doa la haradali.

Shemeji alikuja mchana. Alikuwa na koti kwenye mfuko, nililiona lile tabasamu linachungulia. Akakisoma kibali, akasema hata yeye alianza kama msaidizi. Akaondoka na koti lake. Nimeshinda!

Kuna kajambo kamoja tu. Juzi jioni zilibaki soseji saba. Mama alisema nitupe, nami nilizifikisha mpaka kwenye pipa, hakuna atakayesema sikuzifikisha. Lakini mtu mwenye akili timamu anatupaje soseji saba nzima? Friji siwezi kuligusa, mama analikagua asubuhi na jioni. Basi ziko juu ya kabati, ndani ya boksi la viatu vyangu vya harusi, mahali penye hewa. Nimezikagua leo mara nne. Zimepauka kidogo. Haradali inasitiri mengi, na birika nimelisugua linang'aa.

Bwana Afya anakuja kesho saa saba, kula. Za wageni wa heshima hazitolewi kwenye zile kumi za mama, anazihesabu kwa saa ya marehemu. Nimemtengea mbili, zilizo nene. Nimezinusa tena sasa hivi. Karibu hazinuki kabisa.