Nafasi Kumi za Ramani

Jumatatu, 4 Agosti
Wiki ya pili ya likizo katika ofisi ya shangazi ya kuchora ramani za nyumba. Bado napanga karatasi! Lakini leo shangazi ametangaza: kompyuta ya pembeni, inayotunza ramani zote, imeanza kuwakatalia watu kuingia. Kati yangu na binamu, atakayegundua sababu atafundishwa kuchora. Ee Mungu, niwe mimi.

Jumanne, 5 Agosti
Binamu ameizima kompyuta na kuiwasha. Ikakubali dakika ishirini. Akatembea kifua mbele kama jogoo aliyetaga. Kisha ikagoma. Nikampa pole. Pole ndogo.

Jumatano, 6 Agosti
Nimesoma onyo la kwenye kioo cha kompyuta neno kwa neno, kama tunavyofundishwa shuleni. Kumbe haipokei zaidi ya mashine kumi kwa pamoja. Na wafanyakazi ni wanane tu! Nikamshtaki binamu kwamba ameingiza mashine za ziada. Akaapa kwa jina la bibi, akasema mimi nina wivu hadi kwenye kope.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Mchoraji mkuu amekataliwa mbele ya mteja. Mteja akauliza kama nyumba yake imehama. Shangazi hakucheka.
Nikafungua orodha ya walioingia. Wafanyakazi saba. Kisha simu yangu, tableti yangu na kompyuta ya zamani niliyoificha stoo. Niliziingiza wiki iliyopita ili kushika nafasi ya siku nitakayofundishwa, kama tunavyoweka daftari kwenye kiti cha maktaba, nikazisahau. Ninyamaze? Nikinyamaza, sitafundishwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwambia shangazi kwamba sababu nimeipata, na sababu ni mimi. Akanitazama juu ya miwani. Akasema: mwanangu, mwizi anayejikamata mwenyewe ni nadra. Akacheka hadi akashika meza. Ahadi ni deni: nitafundishwa! Binamu pia, kwa sababu nilimsingizia. Nimemwomba radhi. Akajibu kwamba atafikiria baada ya chakula.

Jumamosi, 9 Agosti
Somo ni Jumatatu saa tatu. Nimepiga hesabu: wafanyakazi wanane, binamu na mimi. Kumi kamili! Hakuna nafasi hata moja ya ziada. Kwa hiyo nimeiacha mashine yangu imeingia tangu leo. Na simu ya mama nayo, iwapo mashine yangu itachoka.