Usingizi wa Hakimu

Jumatatu, 2 Juni

Hakimu yuko kwangu! Mjusi mwenye ndevu, urefu wa mkono wangu, pamoja na sanduku lake la kioo, taa yake ya joto na karatasi ya maagizo aliyoandika binti yangu kwa kalamu nyekundu. Binti amesafiri siku sita na mama yake, na yule mfamasia. Mfamasia ndiye mume wa sasa wa mtalaka wangu. Simtaji zaidi ya hapo.

Kumbe mama mtu alitaka Hakimu aachwe kwa jirani yao. Binti akakataa, akasema baba ataweza. Ana miaka kumi na mmoja. Nikasingizia vumbi limeniingia jichoni. Akaongeza kwamba mambo yakienda vizuri, atakuwa anakuja na Hakimu kwangu kila wikiendi. Kila wikiendi! Chumba cha nyuma nimeshakifagia.

Jumanne, 3 Juni

Hakimu hajala. Nimemletea panzi wawili, kawatazama kama watu walioleta kesi isiyomhusu. Kisha kalala.

Maagizo, namba nne: asipokula siku mbili, piga simu. Namba iliyoandikwa ni ya nani? Ya mfamasia! Nimpe raha hiyo? Thubutu.

Mchana nimefungua kitabu cha wanyama kazini. Kumbe! Baridi ikiingia, mijusi hawa hulala wiki nzima nzima, hawali, wala si wagonjwa. Ni majira tu. Njia ya kujua ni uzito: aliyelala hubaki na uzito wake, mgonjwa hukonda. Kulikuwa na ukurasa wa pili, lakini foleni ilianza kunung'unika, nikafunga.

Uzito! Mimi ni karani wa vifurushi posta. Mfamasia ana koti jeupe, mimi nina mizani.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda na Hakimu kazini ndani ya kikapu. Yeye na kikapu chake: gramu mia tisa na ishirini. Nimeandika daftarini. Nikamwekea karoti, majani na wale panzi wawili humo humo, akiamka ajue anapendwa.

Mama Stempu wa dirisha la pili kachungulia. Akasema ndevu za huyo mjusi zimekuwa nyeusi na macho yameingia ndani, nimpeleke kwa daktari wa wanyama leo hii. Nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama. Akasema ndiyo maana anashangaa.

Alhamisi, 5 Juni

Gramu mia tisa na ishirini na mbili! Hajapungua, ameongezeka! Anapata mwili usingizini! Tarakimu nimezibandika kwenye dirisha la Mama Stempu, kwa gundi ya ofisi.

Nimeongeza karoti ya pili. Jioni nyumbani nimemwacha humo kikapuni, nikazima ile taa ya joto, maana aliyelala hawashiwi taa.

Ijumaa, 6 Juni

Karoti ya tatu. Uzito uko palepale.

Binti kapiga simu. Kauliza kama Hakimu anakula. Nikasema amelala salama. Kauliza amelala vipi, taa inawaka, nimemshika mkia nikaona uko mnene? Nyuma yake nikasikia sauti ya mfamasia ikiuliza kuna nini. Nikasema mtandao unakatika. Nikakata mwenyewe.

Nikaongeza karoti ya nne.

Jumapili, 8 Juni

Wamerudi. Binti hakunisalimia, alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu. Akamnyanyua Hakimu kwa mikono miwili. Mkia umebaki mifupa. Mdomo wazi, anahema.

Kisha akatoa vilivyobaki kikapuni, kimoja kimoja, akavipanga mezani. Karoti nne. Majani yaliyonyauka. Panzi wawili, marehemu. Mimi na mizani yangu tulikuwa tunapima karoti.

Mfamasia akamrudisha Hakimu kikapuni, akakimbia naye hadi kwenye gari. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kwa daktari wa wanyama kwa miguu yangu. Hakimu ana minyoo tumboni. Anapewa maji na dawa, ataishi, lakini kwa taabu. Daktari akasema aliyelala kwa majira ukimgusa anaamka, anatembea, macho yamejaa. Huyu alikuwa anakufa polepole, nami nikamzimia taa. Angeletwa siku mbili za mwanzo, lingekuwa jambo dogo.

Binti alikuwa amekaa kwenye benchi. Aliniuliza swali moja tu: kwa nini hukupiga simu? Nilikuwa na majibu matatu, na yote yalimhusu mfamasia. Nimejuta, tena nimejuta sana. Alivyoniamini yule mtoto! Akasema Hakimu hatakuja tena kwangu. Kuhusu yeye mwenyewe hakusema kitu.

Jumapili, 29 Juni

Mama yake kaniandikia ujumbe mfupi: Hakimu amepona, anakula panzi kumi kwa siku. Alhamdulillahi.

Binti hajapiga simu wiki ya tatu sasa. Chumba cha nyuma nakifagia kila Jumamosi. Juzi nilimtumia picha ya chumba kilivyo safi. Kimya.

Mama Stempu anasema niache kazi hata nusu siku, niende kwao, nimwombe mtoto msamaha ana kwa ana, maana kimya kingi kina mshindo mkuu. Anasema nisingoje hata kesho. Maskini, hajui. Yeye hakusoma kile kitabu.

Huyu mtoto si mgonjwa wa moyo wala nini. Hii ni baridi tu. Joto likirudi ataamka mwenyewe, aje akibisha hodi na begi lake mgongoni. Muhimu ni kutomsumbua.

Nimezima simu, apumzike vizuri.