Mshika Miguu na Mashine Mpya

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimeipokea mwenyewe Makambako, nikaipakata hadi hospitalini kwetu Njombe. Mashine mpya ya tiba ya umeme, ya kushtua ubongo wa mgonjwa. Ndogo kama redio! Daktari Fidelis anasema mgonjwa atachomwa sindano ya usingizi, misuli italegea, hatarusha hata mguu. Nikauliza, sasa nani atashika miguu? Akasema hakuna. Hakuna! Mimi Manase, mshika miguu tangu enzi za mashine ya zamani, niliyewahi kupigwa teke likaondoka na jino! Sista Bertila akacheka, akasema nitapangiwa kufua mashuka. Na baridi hii!

Jumanne, 4 Juni
Mbinu nimepata. Wa kwanza kutibiwa ni Vestina wa Kifanya, hajasema neno tangu amzike mumewe. Mama yake anamuuguza, amekonda kwa hofu. Nikizoeana na mama, atadai mwanawe asiguswe bila Manase. Watanikataaje?

Jumatano, 5 Juni
Alfajiri nikaingia na viazi na chai ya maziwa. Nikamsalimia Kibena: Kamwene, mama! Akasema kaambiwa Vestina asile. Nikamuuliza nani kavaa sare hapa. Akaona aibu kurudisha chakula cha mtu. Tukamlisha kijiko kwa kijiko, akameza.
Lo! Daktari alikuja juu! Kumbe chakula kingeweza kupanda akiwa usingizini, kikamkaba. Angekufa! Tiba imeahirishwa. Mama kalia sana. Bertila akauliza nani kamlisha. Nikatazama dirishani. Mama, Mungu ambariki, hakunitaja.

Ijumaa, 7 Juni
Wamemtibu. Nimechungulia kwenye kioo cha mlango. Kidole gumba cha mguu kilicheza kidogo, basi! Hiyo ndiyo kazi? Ila kuna habari njema: Daktari anasema mgonjwa anaweza kusahau mambo ya siku hizi. Asahau! Asahau yote!

Ijumaa, 14 Juni
Tiba ya nne. Vestina akaamka, akamtazama mama yake, akamwita. Jamani! Mama akapiga vigelegele huku analia. Nami nikalia, mwanaume mzima. Kisha Vestina akanigeukia. Akauliza kama ni mimi niliyemletea viazi asubuhi ile, maana havikuwa na chumvi.
Bertila akanitazama. Daktari akanitazama. Kesho naanza mashuka.
Lakini hebu fikiria! Miezi yote kimya, amefungua kinywa, na anazungumzia nini? Viazi vyangu! Mashine wanaisifia bure. Jumatatu ni zamu ya Agustino kutibiwa, naye hasemi. Nitamwahi alfajiri, na safari hii natia chumvi.