Malalamiko Kuhusu Fundi Aliyefundishwa Wakati Ujao

Kwa Mwalimu wa Kiingereza,
Darasa la jioni, ghorofani juu ya duka la vioo.

Mheshimiwa Mwalimu,

Baada ya salamu na heshima, nakuandikia kuhusu mwanafunzi wako, fundi cherehani wa chini ya ngazi, ambaye kwa miezi miwili umemfundisha jinsi Waingereza wanavyoyasema mambo yajayo. Naomba masomo hayo umfutie kichwani, kwa njia utakayoona inafaa. Uchumba wangu uko hatarini.

1. Kabla yako tulikuwa na utaratibu. Fundi akisema "kesho", mteja mzoefu alijua ni siku kumi. "Kesho asubuhi" ilikuwa wiki mbili. "Iko kwenye pasi" maana yake kitambaa hakijakatwa, na akiapa kwa jina la mama yake, ujue kitambaa hakionekani. Nasi wateja tulimtajia harusi wiki tatu kabla ya tarehe yake. Kila upande ulidanganya kwa kiasi, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kuoa akiwa uchi.

2. Sasa amebandika kipande cha boksi ukutani, chenye mistari mitatu. Anasema Mwingereza ana namna moja ya kutaja jambo lililokwisha kupangwa siku na saa, nyingine ya jambo alilokusudia tu, na ya tatu ya kubashiri, kama mvua. Mteja akifika, anaulizwa aandikwe mstari gani. Mama wa duka la vioo aliambiwa gauni lake litakuwa tayari Alhamisi saa tisa. Hakwenda, maana anaijua Alhamisi ya fundi. Akaenda kwenye sherehe na gauni la zamani, huku jipya likiwa limetundikwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwake, tangu Alhamisi saa tisa.

3. Hili ndilo kubwa. Mchumba wangu ni mkunga. Kwa miaka sita nimemwambia tutaoana karibuni, suti ikiisha, naye amevumilia. Wiki mbili zilizopita tulipita kwa fundi pamoja. Fundi akainua kichwa, akatoa pini mdomoni, akasema, "Shemeji, nimemtafutia kaka nafasi kwenye boksi. Kwenye kupanga hayumo. Kwenye kukusudia hayumo. Nimemweka na mvua."

Mchumba wangu akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Kwetu wodini," akaniambia, "mtu akisema karibuni, mimi navaa glavu. Wewe nimekuvalia glavu miaka sita."

4. Jioni ile ile alijiandikisha kwako. Tangu hapo nikimwambia nitapita kumsalimu, ananiuliza nimepanga au nabashiri. Maradhi yamemfikia mama yangu, ambaye hajakanyaga darasani kwako. Jumapili aliniita sebuleni, akafunga mlango, akataka kujua mjukuu wake yuko mstari wa ngapi.

5. Mimi ni mwandishi wa habari kwa mwaka wa ishirini na mbili. Naandika yaliyokwisha kutokea. Yajayo si dawati langu.

Kwa hiyo naomba fundi arudishwe kwenye "kesho" yake ya zamani. Mchumba wangu aelezwe, mbele ya darasa, kwamba hata Waingereza huchelewa. Yote hayo yakishindikana, darasa lifundishe mambo ya jana peke yake, mpaka watu wa mtaa huu watulie.

Wasalimie wanafunzi wote, isipokuwa wawili. Msalimie pia mlinzi wa ngazi, ambaye bado husema "karibuni" na haulizwi.

Wako mwenye subira,
Mteja wa suti ya kijivu.

N.B. Nilikuwa nikibandika stempu mchumba wangu alipoingia na suti mkononi. Fundi amempa. Imekuwa tayari tangu mwaka juzi. Mimi ndiye niliyemwomba aendelee kusema kesho. Hilo nalo amemwambia. Mchumba ameitundika mlangoni, akasema, "Jumamosi, saa nne," na akarudi kazini bila kuniuliza mstari. Nimeijaribu. Inanikaa vizuri, ila kiunoni inabana, imechoka kunisubiri. Tafadhali barua hii usiisome. Kama kuna kiti darasani, niwekee karibu na wake, kuanzia Jumatatu. Nimepanga.