Kofia Ngumu Hazivaliwi Hovyo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Zimefika! Kofia ngumu kumi na mbili, buti jozi kumi na mbili, glovu, vyote ndani ya nailoni. Mimi Eustakio, mtunza stoo wa ghala la korosho tunalojenga hapa Nachingwea, nimetia saini kwa herufi kubwa. Habari kubwa zaidi: Bwana Swalehe, mkandarasi wetu, anakuja Ijumaa kuchagua foromani wa bweni atakalojenga Ruangwa. Foromani! Miaka sita nimehesabu misumari, sasa zamu yangu. Mpinzani ni mmoja tu, Edina, fundi wa nondo, mdomo mrefu kama nondo zenyewe. Mpango: Bwana Swalehe akifungua stoo, akute vifaa vinang'aa, havijaguswa. Vikombe vya maua vya marehemu mama vilikuwa havitoki kabatini mpaka aje padri. Padri alimsifu sana.

Jumanne, 5 Agosti

Edina amedai kofia kabla hata sijafungua mlango. Nikamwambia ziko kwenye utaratibu. Akauliza utaratibu gani. Nikasema mrefu.

Saa tano Agapiti, fundi wa zege, akakanyaga msumari. Ana kandambili! Nikampa pole ya dhati, na kweli iliniuma, maana buti za saizi yake zilikuwa hapo hapo nyuma yangu. Lakini buti likishaingia mguu si jipya tena. Bodaboda ikampeleka kuchomwa sindano ya pepopunda. Edina ameniangalia vibaya mpaka jioni.

Jumatano, 6 Agosti

Wamenichosha! Kelele za kofia tangu asubuhi. Nikatoa moja, wapokezane, kwa sharti kwamba nailoni isitolewe. Jamali, fundi uashi, akaanza. Dakika kumi tu, jasho limejaa, haoni mbele, ukuta umepinda. Eti kosa langu! Ndipo Edina akaichana nailoni mbele ya watu wote, akaivaa. Nilitaka kulia.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa. Tofali limeponyoka juu ya jukwaa, likatua kichwani kwa Edina. Akakaa chini. Mimi mwenyewe nikawaza wanawe watatu. Kisha akainuka, akaomba maji. Kichwa kizima, kofia imepasuka. Watu wakampigia makofi.

Nikamwuliza, kwa upole kabisa, kofia hiyo niiandikeje kwenye daftari. Akanijibu niandike imekufa kwa niaba yake, na niitupe, maana haiwezi tena kuzuia hata korosho. Mafundi wote wakaweka zana chini. Hakuna kofia, hakuna kazi. Nikasema ufunguo wa stoo umenipotea msibani, kijijini Mtua. Wakasema watangoja. Wajeuri!

Kofia sikuitupa. Mali ni mali.

Ijumaa, 8 Agosti

Bwana Swalehe kafika saa tatu. Ufunguo nikauokota mfukoni mwangu. Nikafungua stoo kwa mbwembwe: kofia kumi na moja mstari mmoja, unaweza kujitazama uso! Akauliza kwa nini mafundi wamekaa juani vichwa wazi. Nikasema vifaa tunavitunza. Akauliza tunamtunzia nani. Sasa hilo nalo swali?

Akaiona ile iliyopasuka nyuma ya mifuko ya saruji. Akaigeuzageuza, akamwita Edina, akamshika mkono muda mrefu. Edina ndiye foromani wa Ruangwa! Mimi nimeamriwa kugawa kila kitu kabla ya saa nne, kisha nihamie huko, stoo, chini yake. Chini ya Edina! Nimegawa. Kufika saa saba hakukuwa na buti lisilo na zege.

Jumatatu, 18 Agosti, Ruangwa

Foromani anatukagua kila asubuhi, kuanzia kofia hadi kamba za buti. Anachosha! Ila leo ametangaza kwamba keshokutwa Bwana Swalehe anakuja kuteua foromani msaidizi.

Nimewaza siku kumi, na kosa langu nimeligundua. Edina hakupata cheo kwa kudai kofia. Alipata kwa sababu tofali lilimwangukia! Basi nimemwomba Agapiti, aliyehamia huku nasi na bado anachechemea, aniangushie moja kutoka juu ya jukwaa Jumatano saa nne, mkandarasi akiwa anatazama. Amekubali kabla sijamaliza kusema. Mtu hana kinyongo hata chembe. Akauliza tofali zima au nusu. Zima!

Nitavaa ile kofia iliyopasuka, nimekuja nayo. Mpya ya nini? Itaharibika.